Mjadala: Je, mti wa misitu ya Lindi uendelee kubeba jina la Jenerali Lettow-Vorbeck?

Mwanzisha mada, Lindi

Ndugu zangu wa Lindi na Mtwara, pamoja na wengine mnaofuatilia, naomba tulijadili jambo hili bila jazba. Katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, ikiwemo michache iliyobaki mkoani kwetu, kuna mti ambao wanasayansi wanauita Lettowianthus stellatus. Ni wa familia ya Annonaceae, yaani ukoo mmoja na mstafeli na mtopetope. Jina hilo lilitolewa mwaka 1936 na Ludwig Diels, mkurugenzi wa bustani ya mimea ya Berlin wakati huo, kwa heshima ya Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani ya Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza.

Kwa ambaye hakusoma elimu ya mimea, nieleze kidogo. Jina la kisayansi la mmea lina sehemu mbili, na utaratibu huo ulishika mizizi kutokana na kazi ya Msweden Carl Linnaeus ya mwaka 1753. Sehemu ya kwanza ni jenasi, kundi la mimea yenye undugu wa karibu. Ya pili huitambulisha spishi moja ndani ya kundi hilo. Jenasi zenye undugu huwekwa katika familia, familia katika oda, na hivyo hivyo kupanda juu hadi himaya nzima ya mimea. Aliyeenziwa kwa jenasi ameenziwa kuliko aliyeenziwa kwa spishi, na Lettow-Vorbeck alipewa jenasi nzima, ambayo hadi leo ina spishi hiyo moja tu.

Sasa tukumbuke mtu huyu aliacha nini huku. Oktoba 1917 vikosi vyake vilipigana na Waingereza pale Mahiwa, kwenye njia ya kutoka Lindi kwenda Masasi, katika mapigano yaliyomwaga damu nyingi kuliko karibu yote ya vita vile katika Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Uzito wa vita ulibebwa na wapagazi Waafrika wa pande zote mbili, waliokufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, na vijiji vilivyonyang'anywa chakula ghalani. Kabla ya kuja huku alitumikia katika jeshi lililowaangamiza Waherero kusini-magharibi mwa Afrika. Mimi nasema jina libadilishwe. Karibuni.

Mzee wa Misitu, Nachingwea

Ndugu mwanzisha mada, historia uliyoieleza siipingi, lakini hitimisho lako nalipinga kwa nguvu zote. Jina la mmea ni kama namba ya kiwanja: kazi yake ni kuwafikisha watu wote mahali pamoja, hata kama aliyeipanga hakuwa mtu mwema. Mti ambao watu wa pwani ya kaskazini wanauita mbambakofi, huku kwetu tunauita mkongo. Mnunuzi wa mbao wa Tanga na mvunaji wa Liwale wanaweza kudhani wanazungumzia miti miwili, mpaka mmoja wao atamke Afzelia quanzensis. Ndiyo faida yake yote.

Tena majina yanatusumbua vya kutosha hata bila siasa. Nilipoanza kazi, mvule wa Rondo uliandikwa Chlorophora excelsa katika vitabu vyetu. Leo ni Milicia excelsa. Msandarusi ulikuwa Trachylobium, sasa ni Hymenaea verrucosa. Mabadiliko hayo tuliyapokea kwa sababu yalitokana na uainishaji wenyewe: wataalamu walilinganisha maua, matunda, mbao, na siku hizi vinasaba, wakaona kwamba undugu si ule uliodhaniwa. Uainishaji wa namna hiyo ndio unaotuambia kwamba mkorosho na mwembe ni familia moja, Anacardiaceae, na kwamba mpingo, mninga, mbaazi na karanga wote wako katika familia ya mikunde, ingawa mmoja unatoa mbao zinazozama majini na mwingine unafukia matunda yake ardhini. Jina linapobadilika kwa sababu ya namna hiyo, tunakuwa tumejifunza kitu kuhusu mti. Likibadilika kwa sababu ya jenerali, tumejifunza nini kuhusu mti?

Kuna jambo jingine ambalo vijana hawalijui. Kila jina la kisayansi limefungwa kwenye sampuli halisi iliyokaushwa na kuhifadhiwa katika hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, ili siku ubishi ukitokea watu wairudie. Mimea mingi ya kwetu ilipelekwa Berlin, na usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya hebaria ile. Majina mengi yaliokolewa na sampuli pacha zilizokuwa zimegawiwa taasisi nyingine. Uzi unaounganisha jina na mti umekwisha kukatika mara moja. Sioni busara ya kuukata tena kwa makusudi.

Mwanasheria, Mikindani

Naomba niweke kanuni mezani, maana tunabishania jambo lenye sheria zake. Majina ya mimea, mwani na kuvu yanatawaliwa na kanuni moja ya kimataifa, ambayo hurekebishwa kwenye kongamano la wataalamu wa mimea linalofanyika kila baada ya miaka kadhaa. Msingi wake ni kwamba jina la kwanza kuchapishwa kihalali ndilo linalosimama, na hesabu inaanzia tarehe 1 Mei 1753. Kanuni hiyo inasema pia wazi kwamba jina halali haliwezi kukataliwa kwa sababu tu halifai au linachukiza. Kwa hiyo, ndugu mwanzisha mada, ombi lako kwa sasa halina mlango wa kupitia.

Hata hivyo ukuta huo umeanza kupata ufa. Julai 2024, katika kongamano la Madrid, wajumbe waliamua kwa kura 351 dhidi ya 205 kwamba majina ya spishi yenye caffra na maumbo yake yageuzwe kuwa affra, kwa kuwa asili yake ni lile tusi la “kaffir” ambalo Waafrika wa kusini mwa bara hili walitukanwa kwalo kwa vizazi. Uamuzi huo uligusa majina zaidi ya 200. Katika kikao hicho hicho ilikubaliwa kwamba majina mapya, yanayochapishwa kuanzia tarehe 1 Januari 2026, yanaweza kukataliwa yakithibitika kuwa yanadhalilisha kundi la watu. Tazameni tarehe hiyo vizuri. Jina la mwaka 1936 haliguswi nayo.

Mkulima, Tandahimba

Wakubwa zangu, nawasoma kwa makini, lakini naona mnazungumzia msitu tu. Kuvu anayeleta ubwiriunga kwenye mikorosho yetu, vitabu vya zamani vinamwita Oidium anacardii na vipya vinamwita Pseudoidium anacardii, na hakuna aliyekuja kijijini kutuuliza maoni. Salfa tunapuliza ile ile. Je, huu mti wa jenerali ukiitwa jina jingine, mkulima anapata nini?

Mwanzisha mada, Lindi

Kaka, swali lako ni halali. Bei ya korosho haitapanda, hilo nakubali. Lakini usiyadharau majina haya kwa upande wa matumizi. Chukua ming'oko, ambayo kila nyumba huku inaijua: kitaalamu ni Dioscorea hirtiflora. Katika jenasi hiyo hiyo wamo viazi vya porini vyenye sumu, kama Dioscorea dumetorum, ambavyo havilikiki mpaka viandaliwe kwa kulowekwa na kupikwa kwa uangalifu. Afisa lishe anayeandika ripoti yake kwa jina la jumla la “kiazi cha porini” anaweza kumpeleka mtu hospitali. Kwa sababu majina haya ni zana ya kazi, ndiyo maana nataka yawe yetu sote, na yasimpe mwenye kuyatumia aibu kila anapoyatamka.

Mwanafunzi wa chuo, Mtwara

Mimi nakwenda mbali zaidi ya mwanzisha mada. Orodha ya mimea ya Kusini imejaa Wajerumani: schliebenii, bussei, stuhlmannii, petersiana. Huyo wa mwisho tunamfahamu, ni Carl Peters, aliyepita akisainisha machifu mikataba ya ulaghai mwaka 1884 na watu wakambandika jina la Mkono wa Damu. Yote yafutwe, na kila mmea upewe jina la Kimakonde, Kimwera au Kiyao.

Mzee wa Misitu, Nachingwea

Mwanangu, punguza kasi. Senna petersiana imepewa jina la Wilhelm Peters, mtaalamu wa wanyama aliyesafiri Msumbiji akikusanya viumbe katika miaka ya 1840. Carl Peters alizaliwa mwaka 1856. Ukifuta kwa kusikia jina tu, utawafuta wasiohusika na kuwaacha wanaohusika.

Na kuhusu Schlieben, naomba umtendee haki. Hans-Joachim Schlieben alikusanya mimea Tanganyika kati ya 1930 na 1935, chini ya utawala wa Waingereza, na eneo la Lindi lilikuwa miongoni mwa alikofanya kazi kubwa zaidi. Mti wa Erythrina schliebenii, wa jamii ya mikunde, uliorodheshwa mwaka 1998 kuwa umetoweka duniani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokuja kuutangaza kwamba bado upo katika misitu ya pwani ya kusini, walijua wanachokitafuta kwa sababu bwana yule alikuwa ameacha sampuli na maandishi ya mahali alipouona.

Mwanzisha mada, Lindi

Hapo, mzee wangu, umenisaidia kuinoa hoja yangu kuliko nilivyoweza mwenyewe. Schlieben aliingia msituni, akapanda vilima, akakausha majani na kuandika lebo. Tunaweza kusema mengi kuhusu nani alifaidi kazi ile, na kuhusu wenyeji waliomwonyesha njia na kumtajia miti bila majina yao kuingia popote, lakini uhusiano wake na mimea upo. Lettow-Vorbeck uhusiano wake na mti ule ni upi? Hakuukusanya wala hakuuchunguza. Alienziwa kwa vita, na akaenziwa miaka 18 baada ya kuweka silaha chini, wakati Ujerumani haina tena koloni na wengi huko walikuwa wakiliota lirudi. Mwanafunzi wetu anataka kuwafuta wote, nawe unataka kuwabakiza wote. Mimi nasema kuna mstari, na unapita kati ya aliyeufanyia mmea kazi na aliyeufanya mmea kuwa mnara wake.

Na hili halikuanzia kwenye mimea. Miongoni mwa mabaki ya wanyama wa kale yaliyochimbwa Tendaguru, hapa hapa Lindi, yupo aliyepewa mwaka 1919 jina la Dysalotosaurus lettowvorbecki. Jenerali mmoja, mkoa mmoja, mara mbili. Wanyama wana kanuni zao, kwa hiyo hilo naliacha.

Mwanafunzi wa chuo, Mtwara

Kuhusu Peters nimeelewa, shikamoo mzee. Bado nasimama kwenye lugha zetu.

Mwanasheria, Mikindani

Lugha zetu hazijazuiliwa, mdogo wangu. Kanuni inaruhusu jina litokane na lugha yoyote, mradi limeandikwa kwa herufi za Kilatini na kufuata umbo linalotakiwa, na tangu Januari 2012 hata maelezo ya spishi mpya si lazima tena yaandikwe kwa Kilatini. Lakini ruhusa hiyo ni kwa mmea ambao bado haujapewa jina. Anayetaka jina la Kimwera liingie vitabuni aende Rondo au misitu ya Kilwa, apate spishi ambayo haijaelezwa, aweke sampuli yake Dar es Salaam au katika Hebaria ya Taifa iliyopo Arusha, kisha achapishe.

Kwa jina la zamani, njia ni ndefu. Mapendekezo ya kurekebisha kanuni huchapishwa kabla ya kongamano, yakapigiwa kura, na yanahitaji asilimia 60. Hebaria zina kura za taasisi, na kubwa zina kura nyingi kuliko ndogo. Tukumbuke yaliyotupata kwenye migunga. Mwaka 2005 huko Vienna, suala lilikuwa jina la Acacia libaki kwa miti ya Afrika au lihamie kwa ile ya Australia. Waliopinga uhamisho walikuwa karibu asilimia 55, yaani wengi, na bado walishindwa, kwa sababu kamati ilikuwa imeshaukubali uhamisho na kuupindua kulihitaji 60. Ndiyo maana leo migunga yetu ni Vachellia na Senegalia. Kwa hiyo hasira bila wajumbe ukumbini haitoshi.

Kongamano lijalo ni la mwaka 2029, Cape Town, la kwanza kufanyika Afrika. Pendekezo litakubalika tu endapo litaandikwa kwa ufinyu: lisiguse kila jina la Mjerumani, liguse majina yaliyotolewa kuwaenzi makamanda na watawala wasio na kazi yoyote katika elimu ya mimea. Likiandikwa kwa upana anaoutaka mwanafunzi, litaangushwa asubuhi.

Mzee wa Misitu, Nachingwea

Hata kwa ufinyu huo, mimi ningekuwa na kura ningepiga hapana, na sababu nimeshazitoa. Nani ataamua kwamba kazi ya mtu kwenye mimea ilikuwa ndogo kiasi cha kutohesabika? Walter Busse, mwenye bussei, alikuja huku kwa ajili ya uchumi wa koloni, na pamba ya kulazimishwa ya koloni hilo ndiyo iliyowasha Maji Maji kule Matumbi. Huyo mnamweka upande gani wa mstari wenu?

Mwanzisha mada, Lindi

Busse ananipa shida, sitaficha. Alikusanya mimea kweli, na kwa kipimo changu mwenyewe anabaki. Mwanasheria, naomba uanze rasimu kwa Lettowianthus peke yake, na suala la Busse liwekwe katika mada yake tofauti, ambapo mzee wa Nachingwea atangulie kusema.