Njia ya umma imelimwa, imefungwa kwa mnyororo, kisha tunaambiwa tupite barabarani

Wanajukwaa, salaam. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira niliyoizuia kwa miezi tisa, na kwa kuwa najua humu wamo ndugu wengi wanaoishi Uingereza na kutembea mashambani siku za mapumziko, naomba mnisome hadi mwisho kabla hamjaniambia kwamba nimekosa jambo la kulalamikia.

Njia ninayoizungumzia inaunganisha vijiji viwili katika vilima vya Cotswolds. Majina ya vijiji hivyo, ya mkulima na ya halmashauri ya kaunti nayaacha, kwa sababu shauri bado linaendelea. Ni njia fupi, kilomita nne tu: inaanzia kwenye geti la uwanja wa kanisa, inateremka katika malisho ya kondoo, inavuka kijito kwa daraja la mbao mbili, inakata katikati ya shamba moja kubwa, kisha inafuata ua wa michongoma hadi kijiji cha pili, ambako kuna baa na kituo cha basi. Nimeipita njia hiyo tangu mwaka wangu wa kwanza hapa, wakati ambapo sikuwa na gari wala rafiki, na ndiyo iliyonifundisha kuipenda nchi hii yenye mvua isiyokwisha.

Kwa wasiofahamu, Uingereza na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia za namna hii. Nyingi zilikanyagwa na wanakijiji waliokuwa wakienda kanisani, kwenye kinu, sokoni au vibaruani, karne nyingi kabla gari halijabuniwa. Ardhi ni ya mkulima, lakini haki ya kupita ni ya umma, na kisheria njia ya miguu ni barabara kama ilivyo ile ya lami. Kila kaunti huweka ramani rasmi ya njia hizo, na njia ikishaandikwa humo hakuna ubishi tena kwamba ipo. Hata kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, ambazo sote tunabeba mfukoni, zile za kipimo cha 1:25,000, utaiona imechorwa kwa vistari vifupi vya kijani, na huku mashambani kuna vishale vya njano vilivyopigiliwa kwenye nguzo. Kwa hiyo sipiti pale kwa hisani ya mtu, na sina sababu ya kubisha hodi.

Septemba mwaka jana nilifika kwenye lile shamba kubwa nikakuta limelimwa lote, ukingo hadi ukingo, na njia haipo. Hilo peke yake halikunikasirisha, kwani sheria inamruhusu mkulima kulima juu ya njia inayokatiza shambani ikiwa si rahisi kwake kuikwepa. Lakini Sheria ya Barabara ya mwaka 1980 inaendelea mbele ya hapo, na hapo ndipo watu wanapojifanya hawajui kusoma: akishalima, ana siku 14 za kuirudishia njia hali yake, ionekane wazi juu ya udongo, ipitike bila taabu, na isipungue upana wa mita moja. Akiuvuruga udongo tena kwa ajili ya zao lile lile, anapewa saa 24. Na kama njia inapita pembezoni mwa shamba, haruhusiwi kuilima kabisa.

Siku 14 zikapita, zikawa 40. Nikaripoti kwenye tovuti ya halmashauri, nikaweka picha, nikapewa namba ya kumbukumbu. Januari nilijaribu kupita tena kwa kufuata ramani, na udongo wa mfinyanzi ukanishika miguu hadi kila buti likawa na uzito wa tofali. Kufikia Mei lile zao la mbegu za mafuta, rapa yenye maua ya njano ambayo wageni hupenda kupigia picha, lilikuwa limenifika mabegani, limesongamana kama ukuta, na limelowa umande. Sheria inaniruhusu kupita humo humo, juu ya mstari wa njia, hata kama ninakanyaga zao. Nilipita. Nilitoka upande wa pili nimelowa hadi shati la ndani, nimejaa chavua ya njano mwili mzima, na nikakuta geti limefungwa kwa mnyororo na kufuli, na kando yake pamezungushwa seng'enge.

Siku hiyo tulikuwa watu saba. Miongoni mwetu alikuwamo mama mmoja wa Mombasa, muuguzi mstaafu ambaye sote tunamwita Shangazi, mwenye goti lililofanyiwa upasuaji. Ilibidi tumpandishe juu ya geti kama mzigo, na koti lake likachanika kwenye seng'enge. Alicheka, maana ndivyo alivyo. Mimi sikucheka.

Juu ya geti hilo kuna kibao kinachosema kwamba hilo ni eneo binafsi na hakuna njia, na chini yake kingine kinachoonya kuhusu fahali. Nimelichungulia shamba hilo kwa miaka sita na sijawahi kuona humo fahali, ng'ombe, wala hata ndama. Mifugo yote iliyopo upande huo ni kondoo wanaokimbia ukikohoa. Kibao cha uongo kinachowatisha watu wasitumie njia ya umma ni kosa tangu sheria ya mwaka 1949. Na hata kama fahali angekuwapo, sheria ya mwaka 1981 inakataza fahali wa jamii za maziwa aliyezidi miezi 10 kuachiwa kwenye shamba lenye njia, na wa jamii za nyama anaruhusiwa tu akiwa pamoja na majike. Fahali wa kwenye kibao hatajwi popote katika sheria hiyo, na kazi aifanyayo ni kurudisha watu nyuma.

Sasa nije kwa halmashauri, maana hasira yangu kubwa iko huko. Mkulima ana tamaa ya mkulima, na mimi niliyezaliwa katika nyumba ya wakulima naielewa. Halmashauri ina wajibu ulioandikwa wa kulinda haki ya umma ya kupita. Ina mamlaka ya kumpa mkulima notisi, na akikaidi, ya kuingia shambani, kuirudisha njia yenyewe, na kumtumia yeye ankara. Jibu nililolipata mwezi wa tatu baada ya kuripoti ni kwamba malalamiko yangu yamewekwa katika daraja la chini kwa sababu njia hiyo inatumiwa na watu wachache. Nililisoma jibu hilo mara tatu. Njia imelimwa, watu wameshindwa kuipita, na uchache wa wapitaji ndio umekuwa sababu ya kutoifungua! Hayo ni sawa na kumfunga ng'ombe mdomo kisha kuandika taarifa kwamba hapendi majani.

Barua hiyo hiyo ilinishauri, kwa adabu kubwa, nitumie barabara ya lami kwa sasa. Anayeishi vijijini huku anajua barabara hizo zilivyo: hakuna sehemu ya waenda kwa miguu, ua wa miti umepanda pande zote mbili kuliko kimo cha mtu, kona hazionyeshi kinachokuja, na kiwango cha kasi kinachoruhusiwa ni maili 60 kwa saa, yaani karibu kilomita 96. Huko ndiko anakotumwa Shangazi na goti lake, ili mita moja ya rapa isiguswe.

Hebu tuipime mita hiyo. Njia inakata shamba hilo kwa urefu wa mita 400 hivi. Mita 400 kwa upana wa mita moja ni kama sehemu ya kumi ya ekari, katika shamba ambalo trekta linahitaji siku nzima kulimaliza. Wakulima wengine wa eneo hilo hilo wanapitisha magurudumu ya trekta mara moja juu ya mstari, au wanaacha ukanda usiopandwa, na kazi imekwisha. Nimetembea Warden's Way yote, njia ndefu ya miguu ya huku huku Cotswolds, kutoka Winchcombe hadi Bourton-on-the-Water, zaidi ya kilomita 20 kupitia vijiji vya Guiting Power, Naunton na viwili vinavyoitwa Slaughter, na hakuna shamba hata moja lililonifanya nijiulize nipite wapi. Ngano ilikuwa kiunoni kushoto na kulia, na katikati njia imenyooka kama mstari wa kitabu. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba kilimo cha kisasa na waendao kwa miguu haviwezi kuishi pamoja.

Wapo watakaosema sisi wageni tushukuru kwa tulichopata na tusigombane na wenyeji. Naomba niwajibu kwa ukali kidogo. Mbwa wangu akiwasumbua kondoo wa bwana huyo, sheria ya mwaka 1953 itanifikisha mahakamani, na hakuna atakayeliweka kosa langu katika daraja la chini. Husemwa kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu wa kijijini kwetu naona una meno upande mmoja. Tena wanaoumia zaidi si sisi. Ni wazee Waingereza wa vijiji hivyo viwili, waliokuwa wakienda kwa miguu kunywa chai kwa jamaa zao, na ambao sasa wanasubiri basi linalopita mara chache kwa siku na Jumapili halipiti kabisa.

Nimeacha kuripoti kwenye tovuti. Kuhusu geti na mnyororo wake, wiki iliyopita nimepeleka notisi rasmi, ile ambayo Sheria ya Barabara inamruhusu mtu yeyote kuipelekea halmashauri akitaka kizuizi kiondolewe. Wana mwezi mmoja wa kunijibu watachukua hatua gani, na kizuizi kisipoondolewa naweza baadaye kwenda mbele ya mahakama ya mahakimu. Fomu yenyewe ni rahisi, haikunigharimu senti, na najuta kwamba sikuijua tangu Septemba.

Ninachoomba kwenu ni mawili. Aliyewahi kuifikisha notisi ya namna hiyo hadi mahakamani anieleze yaliyomkuta, hasa upande wa gharama. Na walio karibu na Cotswolds wajitokeze tutembee pale Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, juu ya mstari wa ramani, kwa utulivu, bila kung'oa kitu. Shangazi amesema atakuja, na safari hii atavaa koti la zamani.