4-3-3 ya kupeleka kila mtu mbele: mabeki wa kati waacheni, kamateni benchi!

Wakuu,

Timu yetu inacheza 4-3-3 (mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu), na kila tukifungwa goli la kaunta (shambulizi la haraka mara tunapopoteza mpira), lawama ni za mabeki wawili wa kati. Mara wazito, mara wanakabia macho, mara wauzwe. Hebu rudisheni picha nyuma sekunde kumi kabla ya goli, muone kila mtu alisimama wapi mpira ulipopotea. Namba 2 (beki wa kulia) yuko karibu na kibendera cha kona. Namba 3 (beki wa kushoto) naye yuko kwenye kibendera cha pili. Namba 8 (viungo wa kupanda) wote wawili wamo ndani ya kumi na nane (eneo la penati) wanasubiri jalo (krosi). Waliobaki ni namba 6 (kiungo mkabaji) na mabeki wawili wa kati, watu watatu kwenye uwanja wenye upana wa mita 68! Halafu kocha anasimama mbele ya kamera kusema tumecheza soka la kushambulia.

Na mtu asiniletee mfano wa Liverpool ya kocha Klopp. Ni kweli msimu wa 2018/19 Alexander-Arnold alitoa pasi 12 za magoli kwenye ligi na Robertson 11, wote mabeki wa pembeni. Lakini wakipanda wale, Fabinho, Henderson na Wijnaldum walikuwa wapi? Viungo walibaki kuziba. Makocha wetu wamenakili mabeki kupanda, lakini hilo la viungo kubaki wameliacha.

Hesabu haihitaji cheti. Ukimtoa kipa una watu kumi: watano washambulie, watano wakae nyuma ya mpira. Namba 2 akipanda, namba 3 anaingia ndani na kuwa beki wa tatu, na mbele yao, mita 10 hadi 15, wanasimama namba 6 na namba 8 mmoja kuokota mipira inayookolewa. Hao wawili ndio wanaoua kaunta kabla haijavuka katikati. Manchester City ya 2022/23 ilipata watano hao kwa njia nyingine: Stones alitoka beki akasimama na kiungo mkabaji Rodri, nyuma wakabaki watatu. Njia zipo nyingi, ila idadi iwepo.

Hata huko mbele kwenyewe ni vurugu. Winga wa kulia anatumia mguu wa kushoto, kwa hiyo kila akipokea anakata ndani. Sawa, lakini basi namba 2 apite nje yake. Hapa kwetu namba 2 naye anaingia ndani, namba 8 yupo hapohapo, namba 9 (mshambuliaji wa kati) anasogea kuomba pasi. Watu wanne kwenye eneo dogo, wapinzani wanawakaba kwa mabeki wawili tu! Pembeni ya kumi na nane kila upande kuna karibu mita 14, na hakuna mtu. Beki wa timu pinzani hana sababu ya kutanuka, na asipotanuka hakuna upenyo wa kupitisha pasi katikati.

Tukikwama, ndipo yanaanza majalo ya mita 30 kutoka pembeni, na mabeki wao wanautazama mpira na namba 9 kwa pamoja. Wanapiga kichwa wakicheka. Winga akifika mstari wa mwisho akarudisha pasi ya chini kuelekea alama ya penati, mabeki wanakuwa wanakimbilia goli lao wenyewe, na anayepokea akiwa nyuma ya mpira hawezi kuwa ameotea. Jambo la mazoezi ya wiki moja hilo.

Kukaba juu (kuwabana wapinzani kwenye nusu yao) ndiyo kichekesho zaidi. Namba 9 anakimbia moja kwa moja kwa beki mwenye mpira, anapigiwa pasi ya pembeni, kazi imekwisha. Akimbie kwa kupinda, aifunge njia ya kwenda kwa beki mwenzake, ili mpira ulazimike kwenda upande ambao winga na namba 8 wanausubiri. Na mabeki wetu wapande hadi karibu na mstari wa kati, wanaogopa nini? Mshambuliaji aliye kwenye nusu yake haotei, ndiyo, lakini mpira mrefu ukipita nyuma ya mabeki, kipa wetu anatoka kuuwahi au anaganda kwenye mstari? Sasa hivi watatu wanakaba juu, mabeki wamekaa kwenye kumi na nane, katikati kuna shimo la mita 40 ambalo namba 6 analifukia peke yake. Dakika ya 60 miguu imekwisha, anatolewa, mashabiki wanamzomea.

Nyongeza, kwa wanaosema tuhamie 3-4-3: wale mawingibeki (wachezaji wa pembeni wanaokaba na kushambulia) wakipanda wote na viungo wote wawili wakawafuata, mtabaki na watatu walewale.