Nimeuziwa "namba moja Google" na wanunuzi hewa mnadani, na domaini yangu (anwani ya tovuti) hawataki kuirudisha

Wakuu, habari za jioni. Wasimamizi naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa matapeli wa viwanja, hii ni habari nyingine kabisa. Ni mrefu, nivumilieni. Tangu Jumatatu nina hasira mpaka usingizi umekata.

Mimi ni mama wa biashara hapa Kariakoo, Mtaa wa Mkunguni. Nauza cherehani, mpya na zilizotumika, na spea zake: sindano, mikanda, bobini, mota za kufunga pembeni. Mwaka wa kumi na moja huu. Wateja wangu wengi ni mafundi wa Manzese, Mbagala na Temeke, na wa mikoani hutuma hela kwa simu, mzigo ukaenda na basi.

Mwaka jana mwezi wa nane walikuja dukani vijana wawili wa kampuni ya masoko ya mtandaoni. Jina siliweki, bado nafuatilia haki yangu na sitaki waje kusema nimewachafua. Wamevaa vizuri, wana kompyuta, wanasema "shikamoo mama" kwa heshima zote. Wakaniambia: "Mama, mtu yeyote akiandika cherehani Dar es Salaam, wa kwanza kutokea ni wewe. Tunakuhakikishia kwa maandishi." Kutengeneza tovuti Sh 900,000, halafu Sh 150,000 kila mwezi ya kile wanachokiita SEO, yaani kuifanya tovuti itokee juu mtu akitafuta Google. Nikalipa miezi saba. Pigeni hesabu wenyewe, ni Sh 1,950,000, hela ya faida ya cherehani ngapi mpaka zifike hapo!

Mwezi wa kwanza ulipoisha yule mkubwa wao akaja na simu yake. Akaandika jina la duka langu, kama lilivyo kwenye kibao, herufi kwa herufi. Duka likatokea la kwanza. Akanigeuzia kioo: "Umeona mama? Namba moja." Nikafurahi, nikawaletea soda.

Ndugu zangu, hebu fikirini. Jina la duka langu hakuna mwingine Tanzania nzima mwenye nalo. Nani mwingine angetokea? Mteja ambaye hanijui hawezi kuandika jina langu, anaandika "cherehani ya kukanyaga bei gani" au "spea za cherehani Kariakoo". Hapo nilikuwa sipo ukurasa wa kwanza, sipo wa pili, sipo wa tano. Hilo nilikuja kulijua mwezi wa saba wa kulipa, baada ya mpwa wangu anayesoma mambo ya kompyuta kuja likizo na kukaa dukani siku mbili.

Aliyonionyesha ndiyo yaliyonifanya nifungue uzi huu.

Alifungua tovuti yangu, akashuka mpaka chini kabisa, mahali ambapo mimi naona peupe tu. Akaweka kidole, akaburuta kama anayetaka kunakili maneno. Pale peupe pakageuka bluu na maneno yakajitokeza: cherehani bei nafuu cherehani Kariakoo cherehani Dar cherehani bora cherehani Singer cherehani Butterfly, mistari na mistari. Wameandika kwa rangi nyeupe juu ya karatasi nyeupe! Mteja asiyaone, Google iyaone. Ujanja huu ni wa zamani sana na Google imeuweka wazi kabisa miongoni mwa mambo inayoadhibu. Tena kwenye ripoti yao ya kila mwezi walikuwa wananiandikia "tumeongeza maneno muhimu 200". Mpwa wangu akafungua kule nyuma ya ukurasa, akakuta yamejazwa kwenye sehemu ya siri ya maneno muhimu ambayo Google yenyewe ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kabisa kupanga tovuti. Hiyo ndiyo kazi ya Sh 150,000 kwa mwezi.

Halafu linki. Hapa naomba mnielewe vizuri, maana ndipo wanapotupigia wote.

Google inatuma programu zake zinatambaa kurasa za mtandao, zinaziweka kwenye faharasa, na mtu anapouliza kitu ndipo inapanga nani atangulie. Larry Page na Sergey Brin walipokuwa Chuo Kikuu cha Stanford, kabla ya kuianzisha Google mwaka 1998, wazo lao lilikuwa kwamba tovuti moja ikiweka linki kwenda kwa nyingine ni kama imeipigia kura. Na kura ya yule ambaye naye amepigiwa kura nyingi ina uzito zaidi. Leo wanaangalia mambo mengine mengi, lakini linki bado zina maana. Kwa hiyo chuo cha ushonaji kikiandika "mashine zetu tulinunua kwa mama fulani Mkunguni" na kuweka linki, hiyo ni kura ya kweli. Ni kama fundi wa Manzese kumwambia fundi mwenzake aende kununua wapi.

Mimi nilipigiwa kura na nani? Mpwa wangu alifungua Search Console, ambayo ni chombo cha bure cha Google kwa mwenye tovuti, na hawa watu hawakuwahi hata kuniambia kipo. Tukakuta linki zaidi ya elfu tatu. Tovuti za kamari. Tovuti za dawa za nguvu za kiume. Kurasa za Kirusi. Blogu zisizo na mtu wala habari, kila sentensi ya tatu ina neno "cherehani" limepigiwa mstari. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, nina jina langu msikitini na mtaani, halafu duka langu linaning'inizwa kwenye kurasa za namna ile! Tunajua nchi hii maana ya wafanyakazi hewa. Hizi ni kura hewa.

Na palepale kwenye Search Console kulikuwa na taarifa kwamba tovuti imechukuliwa hatua na mkaguzi wa Google kwa sababu ya linki zisizo za asili. Taarifa ina miezi mitatu. Miezi mitatu wanapokea hela yangu, wananiambia "mama, Google inachukua muda, tulia". Ndiyo maana hata jina la duka nikiliandika siku hizi silioni tena.

Msidhani Google inachagua wa kumwonea. Mwezi wa pili 2006 iliiondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani kwa kurasa za ujanja zilizotengenezwa kwa ajili ya Google tu. Aprili 2012 wakaleta mabadiliko yaliyoitwa Penguin, mahsusi kwa linki za kununua na maneno ya kujazajaza. Sasa kama BMW haikupona, hawa vijana walikuwa wanadhani mimi nitapona na nini? Walijua. Kwenye maelezo yake Google imeandika wazi kwamba hakuna mtu anayeweza kumhakikishia mwingine nafasi ya kwanza. Nafasi ile haiuzwi. Ukitaka kulipia unalipia tangazo, na tangazo linawekewa alama yake. Waliniuzia kitu ambacho si chao na hawawezi kukitoa.

Haya, na mnada. Hili linaniuma kuliko hela.

Mwezi wa tatu mwaka huu waliniambia wamefungua tovuti yao ya mnada, nipeleke vitu. Nilikuwa na Singer ya kukanyaga ya mzee mmoja fundi wa Buguruni, macho yamemchosha, akaniletea nimuuzie. Chuma cheusi, maandishi ya dhahabu bado yanasomeka isipokuwa upande mmoja, pale kitambaa kilipokuwa kinapita miaka yote hiyo, pamesuguka pamebaki peusi tupu. Gurudumu ukiligusa linazunguka halina sauti. Mzee aliniambia, "Mwanangu, isishuke laki tatu na nusu." Nikampa ahadi yangu.

Nikawaambia wale vijana waweke bei ya chini, ikishindikana laki tatu na nusu haiuzwi. Wakakataa. Wakasema bei hiyo itawatisha watu, tuanze na Sh 1,000, watu watagombania wenyewe. Kwa kweli maneno hayo si ya uongo moja kwa moja, mnada ukianzia chini unavuta watu. Ila unavuta watu pale ambapo watu wapo.

Ilikuwa siku saba. Nilikuwa naangalia kwenye simu usiku kucha. Siku ya nne kuna kaka wa Tegeta akanipigia, anapamba hoteli na vitu vya kale, anaitaka kweli. Akatoa dau la 300,000. Dakika mbili, mtu akaweka 310,000. Kaka akaweka 350,000, bei ya mzee imefika. Dakika mbili, 360,000. Akaenda mpaka 400,000, ikapandishwa 410,000. Akanipigia: "Mama, hawa wanaonipandishia sio watu. Mimi naacha." Nikamwambia subiri kaka. Hakusubiri, na alikuwa na haki.

Mnada ukafungwa 640,000. "Mshindi" hakupokea simu hata mara moja. Hakulipa. Nikawaambia wampe wa pili, kumbe wa pili naye hapatikani. Mpwa wangu aliangalia orodha ya madau: akaunti mbili, zimefunguliwa siku moja, zinapandishana elfu kumi kumi, na kwenye minada mingine yote ya tovuti ile ni hizohizo mbili. Wapambe! Mnada wa dalali wa mahakama pale nje, mpambe akipandisha bei unamwona uso, unajua alikuja na nani. Huku jina la mtu ni herufi tatu na nyota tu.

Kwa nini wapandishe kwa mtu ambaye halipi? Kwa sababu wao wanakata asilimia 8 ya bei ya kufungia, na wameikata kwenye salio langu la kule kwao: Sh 51,200, kwa mauzo ambayo hayakutokea. Nikidai wanasema "makubaliano yanasema ada ni ya mnada kufungwa, si ya malipo".

Nawaambia hivi kwa sababu mnada wa mtandaoni wenyewe si kitu kibaya. eBay, tovuti ya mnada ya Marekani, ilianza mwaka 1995, mwanzilishi wake Pierre Omidyar akauza kalamu ya leza iliyoharibika kwa dola 14.83. Akamwuliza mnunuzi kama anajua ni mbovu, mnunuzi akajibu yeye anakusanya mbovu. Yaani mnada unamtafuta mtu mmoja, mahali popote alipo, ambaye kitu chako ndicho anachokitaka. Kwangu mtu huyo alipatikana. Yuko Tegeta. Walimfukuza wao kwa madau hewa. Na kule eBay muuzaji au watu wake kujipandishia bei ni kosa, akaunti inaweza kufungwa. Hawa ndio wenye mnada na ndio wapandishaji.

Jumatatu nikaenda ofisini kwao. Nikasema sitaki ugomvi, nipeni domaini yangu niende. Yule mkubwa, yule wa "shikamoo mama", akaniambia domaini imesajiliwa kwa jina la kampuni, nikiitaka nilipe Sh 600,000. Jina la duka langu! Jina nililolipigia kibao mwenyewe! Nikamwuliza mwanangu, hili jina umelizaa wewe? Akaangalia kompyuta yake. Tulipoangalia rejista ya domaini za .tz ni kweli, mwenyewe ni wao, barua pepe yao, simu yao.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Asanteni mliojibu. Aliyeuliza kama nina karatasi: ndiyo, ninayo ahadi yao ya "namba moja" ina muhuri, ninazo risiti zote za simu, na mpwa wangu amepiga picha orodha ya madau kabla hawajaifuta. Aliyesema niliingizwa mjini kwa sababu sikusoma: nimesoma, dada, hayo waliyoniuzia hayafundishwi dukani.

Aliyeuliza sasa hivi nauzaje: mpwa wangu ameniwekea duka kwenye ramani ya Google, bure, na picha za kweli na saa za kufungua. Wiki ya pili mama mmoja wa Kigamboni akaja na ramani mkononi, akanunua mota. Kwenye tovuti tumefuta yale maneno meupe na tumeanza kuorodhesha zile linki ili tuiombe Google izipuuze na ikague upya. Ni linki elfu tatu, tunaenda nazo kila usiku baada ya kufunga.

Ninachohitaji humu ni wawili: mwanasheria aliyewahi kudai domaini ya .co.tz iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na yeyote mwingine aliyepandishiwa na akaunti hizo mbili, aje PM na ushahidi wake twende pamoja. Domaini inaisha tarehe 14 mwezi ujao na sijui kama wataihuisha au wataiachia. Na kaka wa Tegeta, kama unasoma hapa, mashine ipo dukani, nimeifunika kwa kanga. Mzee anakuja Jumamosi kuuliza hela yake. Nipigie kabla ya hapo, laki tatu na nusu, uichukue.