Wauzaji wa kaunta za jikoni, acheni kuita kila jiwe graniti!

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Kaunta yangu niliuziwa kwa jina la graniti. Kipande cha limau kimekaa juu yake kwa muda mfupi tu, kilipoondolewa pakabaki duara jeupe lisilong'aa. Ukipitisha kidole unasikia kabisa pameparuza. Sabuni haitoi, kusugua hakusaidii. Nimemrudia muuzaji, ananijibu eti sijui kusafisha.

Hilo si doa! Marumaru ni kalsiamu kabonati, na asidi ya limau au siki inaila. Pakishaliwa hakuna cha kusafisha hapo, ni mpaka fundi aje na mashine ang'arishe upya. Graniti haiachi alama ya namna hiyo. Maana yake nimeuziwa marumaru, na mtu anayekata mawe kila siku asiniambie hakujua. Kwa ugumu, kwenye kipimo cha Mohs (1 ni laini kabisa, 10 ni gumu kabisa) marumaru iko kwenye 3 hivi, graniti 6 hadi 7. Chukua kipande cha sampuli, kikwaruze kwa ncha ya kisu upande wa chini: marumaru itachorika, graniti itakataa. Nilipotaka kufanya hivyo dukani nikaambiwa naharibu mali.

Na hiyo graniti yenyewe wanaisifia uongo. Wanakwambia haipitishi kitu. Inapitisha! Ina vinyweleo, ndiyo maana hupakwa dawa ya kuziba, na dawa hiyo huisha. Dondosha maji, subiri kama robo saa. Jiwe likigeuka rangi na kuwa jeusi pale penye maji, ujue linakunywa, na mafuta yatafuata njia hiyo hiyo.

Kinachonichefua zaidi ni kwatsi ya kiwandani. "Weka sufuria ya moto tu, hili ni jiwe." Ni jiwe lililosagwa! Takriban asilimia 90 ni kwatsi, iliyobaki ni resini, yaani plastiki inayogandisha ule unga. Resini haivumilii sufuria iliyotoka motoni sasa hivi. Inageuka njano au inapasuka, na hapo hakuna dawa. Jua kali nalo huibadilisha rangi. Uzuri wake upo, haihitaji kupakwa dawa na haishiki madoa kirahisi, basi semeni hayo ya kweli mkomee hapo. Halafu kuna vumbi lake, ambalo hakuna muuzaji anayeligusia. Mafundi wanaoikata kavu bila kinga wanapata silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiopona. Australia imeipiga marufuku kwatsi hiyo tangu tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu hiyo.

Fomika, ile karatasi ngumu ya plastiki inayobandikwa juu ya chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa), wanaidharau, lakini mimi naitetea. Adui yake ni maji yanayopenya kwenye maungio ya sinki na kuvimbisha chipubodi. Pazibwe kwa silikoni vizuri, sufuria ya moto iwekewe kitu chini, utakaa nayo miaka. Mbao nayo ikichubuka unapiga msasa na kupaka mafuta. Vigae sina ugomvi navyo, ila ile mistari ya katikati inashika uchafu.

Ninachodai ni aina ya jiwe iandikwe kwenye risiti, kwa jina lake. Muuzaji wangu amekataa kuandika mpaka leo. Kuna aliyewahi kurudishiwa hela kwa kesi kama hii? Ulimbana vipi?