Tunatoa damu vijijini, tunarudishiwa picha ya PDF. Faili zetu ziko wapi?

Wanajukwaa, naandika nikiwa Kisumu na nimekasirika, kwa hiyo mnivumilie. Msimamizi, tafadhali usiupeleke uzi huu kule kwa masomo na kazi. Ni uzi wa afya, unamhusu kila mtu anayelala chini ya neti kuanzia Ahero hadi Bondo.

Mimi ni msaidizi wa utafiti. Mwaka jana tulizunguka zahanati za Nyando na Muhoroni miezi mitano, tukiwachoma kidole wagonjwa wa malaria na kudondosha damu kwenye karatasi ya kuchuja. Ilikuwa masika, bodaboda zinakwama kwenye ule udongo mweusi, na bado mama mwenye mtoto anayechemka homa anakubali kukaa tumsomee fomu ya ridhaa mpaka mwisho. Karatasi zikakaushwa, zikafungwa, zikaenda maabara ya ng'ambo kusomwa DNA ya vimelea. Tukaahidiwa kwamba matokeo yote yatarudi kwetu.

Yalirudi mwezi uliopita. Ni PDF. Kurasa kumi na moja za miraba ya rangi, mstari kwa kila sampuli, safu kwa kila jeni. Kwenye jeni ya kelch13, sampuli zetu mbili zina mraba mwekundu, yaani eti kuna badiliko. Basi. Ukijaribu kuikuza picha inageuka ukungu.

Kwa asiyejua uzito wa jambo hili: tangu 2014 kelch13 ndiyo jeni inayotazamwa ili kutambua vimelea vinavyoanza kuizoea artemisinin, na artemisinin ndiyo mhimili wa dawa mseto ya malaria, AL (artemether-lumefantrine), inayotolewa katika kila zahanati hapa. Rwanda, badiliko la jeni hiyo liitwalo R561H liliripotiwa 2020. Uganda, A675V na C469Y yakaripotiwa 2021. Uganda, jameni, si mbali, ni kuvuka tu pale Busia. Kwa hiyo mraba mwekundu kutoka Muhoroni ama ni habari nzito sana, ama ni kosa la mashine. Sisi tuliochukua ile damu tuna haki ya kujua ni lipi kati ya hayo.

Na kujua si kazi ngumu! Hapo ndipo panaponiuma.

Mashine haisomi kromosomu nzima kwa mkupuo. Husoma vipande vifupi vifupi, mamilioni, halafu kompyuta inavilaza juu ya jenomu ya rejea (DNA nzima ya kimelea kinachojulikana, ya kulinganishia), kila kimoja mahali kinapofanana napo, na kuviweka kwenye faili. Ukiifungua faili hiyo kwenye IGV, programu ya bure kutoka Broad Institute ya Marekani, unaviona vipande vyenyewe: mistari ya kijivu iliyolaliana kama ukili kwenye mkeka. Herufi ya DNA isiyolingana na rejea inawaka rangi. A kijani, C bluu, G rangi ya chungwa, T nyekundu. Unaandika jina la jeni, unafika hapo papo hapo, unavuta karibu mpaka unahesabu herufi moja moja.

Ndipo unaanza kuuliza. Mahali hapa pamefunikwa na vipande mia, au vitatu? Kama ni vitatu, mtu asinitishe na mraba wake. Vipande vyenye badiliko vimesomwa kutoka pande zote mbili za DNA, au vyote vimeelekea upande mmoja? Badiliko liko katikati ya kipande, au kwenye ncha, ambako mashine hukosea zaidi? Na kama nusu ya vipande vina badiliko na nusu havina, huenda mgonjwa alikuwa na aina mbili za vimelea kwa wakati mmoja, jambo la kawaida kabisa kandokando ya ziwa hili. Tena Plasmodium falciparum ni msumbufu: karibu asilimia 80 ya herufi zake ni A na T, vipande vinafanana mno, na kompyuta inaweza kukilaza kimoja mahali pasipo pake. Mtu aliyezoea anayakagua haya yote kwa dakika kumi. Kwenye mraba wa rangi huoni hata moja. Mtu mwingine ameshakuamulia.

Nikaiomba maabara faili hizo za vipande. Nikapewa sababu.

Kwanza, eti ni kubwa mno kwa intaneti yetu. Jenomu ya kimelea hiki ina herufi kama milioni 23, ya binadamu ina bilioni 3. Na wala sikuomba jenomu nzima. Kelch13 ina herufi 2,181! Programu ya samtools inakikata kisehemu hicho kwa amri moja, na kinachobaki nakipokea kwa simu, kwa bando la shilingi ishirini.

Pili, faragha ya wagonjwa. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu DNA ya mgonjwa husomwa pamoja na ya kimelea, na tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Lakini vipande vya binadamu vinachujwa na kutupwa kabla ya kutuma, ni kazi ya kila siku kwao. Majina hata hayakutoka zahanati, tulituma namba tupu.

Tatu, kwamba hatuna kompyuta za kufungulia. Hili lilinikosesha usingizi. IGV haipakii faili nzima, inachota sehemu unayoitazama tu. Kuna hata ile ya kwenye kivinjari, na faili yako haitoki kwenye mashine yako.

Baada ya kubembeleza wiki mbili wakatuma kiungo cha kupakua, Jumamosi. Faili ya kwanza ikateremka, stima ikapotea. Iliporudi saa mbili usiku kiungo kilikuwa kimekwisha muda. Ile moja niliyoipata ni ya sampuli isiyo na mraba mwekundu. Niliifungua kwenye laptopu yangu ya RAM ya GB 8, ikafunguka bila taabu. Kelch13 ilikuwa imefunikwa vizuri, kijivu kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakuna herufi hata moja iliyowaka. Nilikaa nikiitazama muda mrefu. Hivyo ndivyo nilivyotakiwa kuzitazama zile mbili.

Wiki iliyopita nilipita kwenye zahanati moja tuliyofanyia kazi. Sista akaniuliza, "Daktari, ile damu mlichukua ilisema nini? Hii dawa bado inafanya?" Sikuwa na jibu. Nina picha kwenye simu.

NYONGEZA, saa nne usiku: Kuna ndugu ameandika hapo chini kwamba tushukuru, wao ndio waliolipia. Ndugu yangu, gharama ya mashine wamelipa wao, sikatai. Lakini yule mtoto wa Muhoroni hakutoa damu yake ili itoke picha nzuri ya ripoti. Mwingine ameuliza kama tuchangishe pesa za programu. Hapana, zote nilizozitaja ni za bure. Kinachokosekana ni faili.

Jumatatu naiandikia kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti huu. Naomba faili za kelch13 za sampuli zote, pamoja na faharasa zake (faili ndogo zinazoielekeza IGV pa kuchota), kwa kiungo kisichokufa ndani ya siku moja. Mlio Siaya, Busia, Kakamega au Homa Bay mliowahi kutuma sampuli mkarudishiwa picha, andikeni hapa ilikuwa mwaka gani na mliambiwa nini. Msitaje mgonjwa wala kijiji. Nitaambatisha na barua.