Mama kaanguka shambani, nashuku vidonge vya sukari. Naombeni ushauri

Mwana wa Tandahimba
Salaam wakuu. Mimi nipo Mtwara mjini, mama yuko kijijini Tandahimba, ana miaka 64. Sukari alikutwa nayo mwaka juzi. Kliniki wakamwanzishia metformini ya miligramu 500, asubuhi kimoja, jioni kimoja. Haikutosha, wakamwongezea glibenklamidi 5, kimoja asubuhi. Akakaa vizuri.

Mwezi huu mjomba katoka Dar na boksi lake, anasema hivi ndivyo vya kisasa, dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Mama naye, badala ya kuuliza, akawa anameza asubuhi na jioni juu ya vile vya kliniki. Juzi wametoka alfajiri kuokota korosho, tumboni ana chai ya rangi tu. Kwenye saa nne jasho likamtoka kama kamwagiwa maji, anatetemeka, anaongea maneno hayaeleweki. Wenzake wakasema mashetani, mmoja akaanza kumsomea. Kijana mmoja ndiye aliyempa soda, akarudiwa na fahamu.

Sasa aache vipi? Vya kliniki au vya mjomba? Na mjomba mwenyewe ni wa kununa.

Fundi Redio
Pole sana mkuu. Hilo boksi limeandikwa nini kwa yale maandishi madogo? Jina kubwa la mbele halisaidii.

Mwana wa Tandahimba
Nimepigiwa picha: metformini 500, glibenklamidi 5.

Dawa Kaunta
Basi jibu umelishika. Nafanya kazi duka la dawa, hili naliona mara kwa mara: boksi jingine, rangi nyingine, dawa zilezile. Piga hesabu. Kliniki walimpa metformini 1,000 kwa siku na glibenklamidi 5. Ukiongeza viwili vya mjomba, metformini inakuwa 2,000 na glibenklamidi 15. Iliyomwangusha ni hiyo ya pili. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi inalisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Mtu kameza mara tatu ya kipimo chake, kashinda njaa juani, unategemea nini?

Vya mjomba viwekwe kando leo hii. Vya kliniki asiviache vyote kwa hasira, ila kabla hajameza tena glibenklamidi, aongee na kliniki. Kidonge cha mchanganyiko si kibaya, kinapunguza idadi ya kumeza. Lakini kinachukua nafasi ya vile vya mwanzo, hakikai juu yake, na anayebadilisha ni daktari.

Bibi Nesi
Mwanangu, huyo kijana wa soda mpeni zawadi. Sukari ikiwa chini ya 4 (mmol/L) kwenye kipimo na mtu anaweza kumeza: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subirini dakika 15, mpimeni tena. Bado iko chini, rudieni. Ikipanda, ale chakula. Kama hajitambui msimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa, mkimbizeni hospitali.

Na msidanganyike akiamka anacheka. Glibenklamidi inakaa mwilini, sukari inaweza kuporomoka tena baadaye, hata usiku. Alitakiwa apelekwe siku ileile. Akienda waombeni wampime na figo, maana figo zikichoka dawa hiyo haitoki haraka, na metformini nayo ina mpaka wake hapo. Umri huo kuna madaktari wanaoamua kumhamishia gliklazidi, dawa nyingine ya kundi hilohilo la glibenklamidi.

Jembe la Newala
Mnahangaika bure. Mlonge na majani ya mwarobaini, vidonge vyote atupe.

Bibi Nesi
Akianguka tena utamsomea wewe? Hata huo mlonge akiutumia, kliniki waambiwe.

Mto Ruvuma
Kwetu ni mzee. Msimu wa mabibo anakata uraka, ile pombe ya mabibo, kutwa, jioni hali, halafu anameza vidonge vyake kwa nidhamu kabisa. Tulimkuta kalegea tukasema kalewa. Kumbe sukari 2.6. Siku hizi mke wake haruhusu kidonge cha kushusha kitangulie sahani ya ugali.

Dawa Kaunta
Huyo mke wa mzee kaelewa kuliko wengi. Nyongeza: akiandikiwa dawa ya maradhi mengine aseme anatumia glibenklamidi. Septrini, ile antibiotiki, inaizidishia nguvu. Na siku ya kuharisha au kutapika sana asiendelee na metformini kimyakimya, apige simu kliniki.

Mwana wa Tandahimba
Nimerudi wakuu. Nilipanda basi jana, nikamwambia mama atoe kila kidonge alichonacho. Katoa mfuko wa rambo: vya kliniki, vya mjomba, na karatasi ya tatu ya metformini aliyopewa na jirani "asije akaishiwa". Tumebeba mfuko mzima hadi kliniki. Glibenklamidi wameisimamisha kwanza, metformini kabaki na ileile baada ya kula, figo wamechukua damu, majibu Jumatatu. Daktari kaandika kwenye daftari lake kwa wino mwekundu.

Mjomba nimempigia mwenyewe. Kanuna kweli. Halafu akauliza kama na yeye apime figo, maana vile vidonge ni vyake, alikuwa anamgawia dada yake.