MREJESHO: Binti yangu wa fomu siksi na ishu ya chuo

Wakuu salama? Mwezi wa nne niliwauliza nimsaidieje binti yangu wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2020 sababu ya korona, mtihani wa mwezi wa tano haueleweki na yeye halali, kila saa "mama, chuo mwaka huu kipo kweli?" Nawashukuru sana mlionijibu, hasa yule dada aliyesema nisimwahidi nisichokijua ila nimlindie ratiba yake. Ndo tulichofanya hapa Mbagala, asubuhi pasti pepa, jioni simu inawekwa mbali, baba yake anakaa naye tu hata kama kemia haijui, na kale kukaa naye kalimtuliza kuliko maneno yangu yote. Juni mosi wakarudi shule, mtihani ukaanza Juni 29, matokeo Agosti, kafaulu jamani!! Vyuo viwili vikamchagua, presha ikaanza upya maana lazima uthibitishe kimoja kwa ile namba ya siri inayokuja kwa meseji, tukamwachia aamue mwenyewe. Kachukua uuguzi Muhimbili. Sasa hivi tunasubiri bodi ya mikopo, na wenye watoto waliokosa chuo awamu ya kwanza waombe tena awamu ya pili, wasikae.